Uso Niliouazima kwa Bibi Sesilia

Katuni za utoto wangu zilinuka migebuka. Mama alikuwa akiuza samaki wakavu sokoni Mpanda, na wateja aliwafungia kwa kurasa za magazeti na vijarida vya zamani. Kila Jumamosi niliketi chini ya meza yake na kuchomoa kurasa zenye katuni kabla hazijafungiwa kitu, nikazipaka majivu zinyonywe mafuta ya samaki, kisha nikazipanga chini ya godoro. Hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Jini alianza kutoka kisimani ukurasa wa nane, na ukurasa wa tisa ulikuwa umeshakwenda nyumbani kwa mtu pamoja na dagaa wake. Nililichukia jambo hilo kuliko viboko vya shule, na nadhani ndilo lililonifanya nianze kuchora mwenyewe sehemu zilizopotea.

Nilikuwa darasa la tano, tukikaa mtaa wa Kawajense, na mizimu sikuhitaji kuitafuta mbali. Jirani yetu Bibi Sesilia, mjane aliyehamia mjini kutoka Usevya, alikuwa nayo tele. Alikaanga maandazi uani kwake tangu alfajiri, kwa kuni zisizokauka vizuri, na huku akiyageuza alinisimulia habari za wafu wanaokaa porini kwenye mikwaju na kuwaomba maji wapita njia. Hakupandisha sauti. Alisimulia kama anayetaja bei ya unga, na hapo ndipo nywele ziliponisisimka. Hata mkaa wa kuchorea aliniokotea yeye jikoni kwake. “Chukua mjukuu wangu,” alikuwa akisema, “ila ukuta wangu uuache.” Nilimpenda sana, na ukuta wake sikuugusa.

Basi nikaanza katuni yangu kwenye daftari la hesabu, kwa sababu miraba yake ilinirahisishia kupiga fremu. Ilimhusu mwanamke mfu wa mkwajuni. Nilimchora mara nyingi na kila mara akatoka anafanana na mwalimu wetu wa sayansi, mpaka siku moja, nikiwa nimeketi karibu na karai la maandazi, nikaona kwamba uso nilioutaka ulikuwa mbele yangu: mashavu yaliyobonyea, jino moja la juu, mikunjo iliyoshuka hadi shingoni, na macho yaliyowiva kwa moshi wa miaka. Macho niliyatia peni nyekundu. Mtoto wa kwetu alipaswa kujua. Kwetu bibi mwenye macho mekundu husemwa kwa sauti ya chini kuwa ni mchawi, na wapo waliofukuzwa na wengine waliokatwa mapanga. Nilikuwa nimeyasikia yote hayo. Nilidhani tu kwamba katuni ni kitu kingine na watu ni kitu kingine.

Daftari lilizunguka darasani dawati kwa dawati hadi likafika kwa Joshua, aliyelipeleka nyumbani kwao, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wiki hiyohiyo mdogo wake, Neema, akashikwa na degedege na kulazwa. Mama Joshua alirudi kutoka hospitali kuchukua nguo, akalikuta daftari chini ya kitanda cha watoto, akalifungua, akautambua uso. Kesho yake niliporudi shule, mama alikuwa ameacha meza yake sokoni na kunisubiri mlangoni. Alinishika mkono na kunipeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

Uani kwa balozi walijaa watu. Vijana wa sungusungu, walinzi wa mtaa, walisimama na fimbo zao kando ya njia ya kutokea. Bibi Sesilia alikuwa amekalishwa kwenye kigoda katikati, unga ukiwa bado umemkauka vidoleni, na hakunitazama. Mama Joshua alilinyanyua daftari langu juu. “Kwani nyie hamuoni? Mtoto mdogo hawezi kutunga sura. Huyu kamwona bibi akiwanga.” Balozi akanigeukia. “Ulimwona wapi, binti?”

Naona haya kusema kilichofuata. Sikujibu mara moja, na si kwa woga peke yake. Kwa mara ya kwanza watu wazima walikuwa wameiamini picha yangu kabisa, na kwa kitambo kifupi nilifurahi. Kisha kijana mmoja wa sungusungu akasogea hatua moja kuelekea kigodani, nami nikasema kwamba sikumwona popote, nilimchora kwa kuwa uso wake unachoreka vizuri, na macho ni peni tu. Mama Joshua akasema nimeshatishwa nisitoboe siri. Wengi wakaitikia. Nikamwomba balozi peni. Mama alinifinya, lakini nikalichukua daftari, nikafungua ukurasa mtupu na kumchora Mama Joshua mwenyewe, palepale, mashavu yake na kilemba chake, nikambonyeza macho, nikamtoa meno, nikamweka chini ya mkwaju. Nilipomaliza nililipeleka daftari kwa balozi. Alilitazama, akamtazama Mama Joshua. Hakuna aliyecheka. “Huyu mtoto akiendelea,” alisema, “mtaa mzima tutakuwa wachawi. Nendeni nyumbani.”

Neema alipona malaria yake na kurudi. Bibi Sesilia hakuguswa, lakini maandazi yake hayakununuliwa tena, na mwezi haukuisha kabla mwanawe hajaja kumrudisha Usevya. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilijificha ndani siku alipopakia karai lake.

Leo kazi yangu ni hiyohiyo. Nachora mizimu kwa kompyuta, rangi zote ninazo, na vitabu vyangu vina mwanzo na mwisho. Mwaka jana nilisikia Bibi Sesilia bado yu hai, nikapanda basi hadi Usevya na kitabu changu mkobani. Alikuwa amekonda, lakini akili ilikuwa timamu. Nilipiga magoti, nikasema niliyopaswa kusema nikiwa darasa la tano. Alinisikiliza, akasema yamepita, kisha akaomba aone kitabu. Alikipekua taratibu, akafika kwa mwanamke mfu niliyejivunia kuliko picha zangu zote, akamwekea kidole.

“Na huyu,” akauliza, “anakaa mtaa gani?”

“Hakai popote, bibi. Nimemtunga.”

“Una hakika?”

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakivuta kitabu kwangu, nikautazama ule uso upya, na nikaanza kuwapitia majirani zangu mmoja mmoja.