Kuinua Kwenye Mbili

Pale ghalani walimwita Winchi. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake, na miaka yote aliyobeba magunia hakukosa wa kumsifu, ilimradi na yeye mwenyewe yupo. Mgongo wake ulikuwa mpana kama mlango. Kichwani hamkuwa na vitu vingi, lakini hakuna aliyemwajiri kwa kichwa.

Basi mkewe alipopigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala wote, mkono na mguu, Winchi hakubabaika.

"Huyu mwepesi tu," aliwaambia majirani. "Mimi nimebeba saruji."

Mkewe alikuwa kitandani, anasikia. Ulimi haukupooza.

"Saruji haikojoi," alisema. "Nipeleke chooni."

Alikuja mama mmoja wa mazoezi kutoka zahanati, akamfundisha. Kiti cha magurudumu kisogezwe upande ule mzima, wa kulia. Breki zifungwe. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Mkanda mpana umzunguke mgonjwa kiunoni, hapo ndipo pa kushika. Mkono uliopooza usivutwe hata kidogo, bega litachomoka. Mume akunje magoti, si mgongo. Mke ainamie mbele, wahesabu, na kwenye tatu wainuke pamoja.

"Asikubebe, mama," alimwambia mke. "Mnainuka wawili."

Winchi akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwake.

Shida ilikuwa ile tatu. Ghalani gunia hushikwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, wakahesabu. Mjanja huinua kwenye mbili, uzito ukamlalia mwenzake. Na kwa kuwa pale wote walikuwa wajanja, tatu haikusikika kabisa. Ilikuwa ya wageni, wale wa siku ya kwanza, wanaorudi nyumbani wameshika viuno.

"Moja," alisema Winchi, mkanda mkononi. "Mbi—"

Akanyanyua. Mkewe bado alikuwa anaitafuta sakafu kwa ule mguu mzima. Mguu ukateleza, kiti kikawakosa, wakajikuta chini wote wawili, mume chini, mke juu.

"Tatu ilikwenda wapi?" mke aliuliza.

"Ilikuwa inakuja."

Habari zilimfikia kaka yake mke. Kaka huyo alikuwa na nyumba ya vigae, vyumba vingi, na sauti kubwa kuliko vyumba. Akapiga simu.

"Shemeji, umemwangusha dada yangu. Jumapili naja na gari. Kwangu kuna watu wa kumwangalia."

Mke alijua maana ya kuangaliwa. Shangazi yao aliangaliwa katika nyumba hiyohiyo, chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, hadi kitanda kikamtoboa vidonda.

"Mimi siendi," alimwambia mumewe. "Lakini ukiniangusha tena sitakuwa na la kusema. Kuanzia leo nahesabu mimi."

"Yaani mimi niinue, halafu wewe—"

"Gunia limeshasema. Kunja magoti."

Wiki nzima walifanya hivyo. Ikitajwa mbili, Winchi alitetemeka kama mbwa aliyefungwa karibu na nyama. Akijitikisa kidogo tu, anarudishwa kwenye moja. Aliyewanyima wenzake tatu maisha yake yote, sasa alikuwa anaisubiri kama mshahara.

Jumapili kaka akafika na koti lake.

"Twende, dada." Akauchukua ule mkono wa kushoto, akavuta.

Mke alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Huo si mshikio wa ndoo, kaka! Sogea, mwenye kazi yake yupo."

Winchi alifunga breki, akakitikisa kiti kuhakikisha. Akapanga nyayo, moja baada ya nyingine. Akashika mkanda, akakunja magoti. Nyuso zao zilikaribiana kama za watu wanaotaka kuambiana siri.

"Moja," mke alisema. "Mbili."

Halafu akamgeukia kaka yake.

"Shangazi kule kwako, nani alikuwa anamgeuza?"

Kaka akaeleza. Kazi, safari, wasichana wa siku hizi hawasikii. Alieleza kwa kirefu. Winchi alikuwa palepale, amejikunja, magoti yanalia, jasho linamdondoka puani, hainui hata kisigino.

"Nimekuuliza nani."

Kaka akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

"Tatu."

Wakainuka wote wawili, wakageuka kidogo kidogo, naye akaketi kitini taratibu kama mgeni wa heshima.

Kaka aliondoka na gari lake tupu. Aliahidi kuleta godoro zuri. Mpaka leo liko njiani. Dada yake aliishi miaka mingine humohumo, akimfokea mumewe kila asubuhi, na alipofariki mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja. Waliomwosha ndio waliosema.