Mwaka Mama Alipogawa Mbegu

Mama alipoanza kugawa mbegu, nilijua tu kuna mwanamume. Kwetu Mgori mjane hatoi mbegu zake kabla ya mvua, labda awe anahama kwenda kuolewa. Mbegu za mtama na uwele, alizozihifadhi kwenye vibuyu juu ya meko zipate moshi, zikaenda kwa jirani huyu na yule. Nikiuliza, anasema mwaka huu hana nguvu za kulima. Uongo mtupu, nikasema moyoni.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu jumbe atuletee habari kwamba kaka yangu, askari wa Mwingereza, amefia vitani Burma. Hatukupata maiti wala kaburi. Tangu hapo mbwa akimbwekea mgeni tu, mama anashika kifua na kutetemeka. Shangazi, dada wa marehemu baba, alimwambia msiba umekwisha, ajikaze. Basi akaacha kulia mbele yetu, nasi tukapumua.

Halafu akatulia ghafla. Akasuka nywele. Akarudisha ungo wa watu. Akaniusia nimtunze shangazi. Hasira zikanipanda: mwanawe hana hata kaburi, yeye anajipamba. Nikawa namfuata kisimani na kanisani, nikiwakodolea macho wanaume wote waliofiwa na wake. Mmoja nilimnyima hata shikamoo, maskini, naye hajui lolote.

Asubuhi moja nikamkuta anampa jirani kibuyu cha mwisho. Jirani alipoondoka, nikamuuliza mama pale pale uani anaolewa na nani.

Alinitazama kama hakunielewa.

"Siolewi, mwanangu," alisema. "Nimechoka kuishi. Mvua hizi sitaki zinikute."

Niliogopa, na niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nikamshika mkono, nikapaza sauti kumwita shangazi. Tangu siku ile hatukumwacha peke yake hata dakika moja, mpaka miezi ikapita, na shangazi hakutamka tena neno jikaze. Asubuhi ile ile alikaa na mama mkekani akamwomba asimulie habari za kaka, na mama akasimulia mpaka jua la utosi, akilia waziwazi.

Aliponyamaza, nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Miaka miwili hakuna aliyeniuliza," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza, na uliniuliza habari za mume."