Webhook ya Ghala la Mahindi

Tulikuwa wawili tu katika kazi ile: mimi hapa mtaani Pioneer, na mwenzangu aliyekuwa amerudi kwao Sugoi kungoja kujifungua. Tulitunza programu ya ghala moja la mahindi karibu na Moi's Bridge, ile inayowatumia wakulima ujumbe kuwaambia kama mahindi yao yamekauka vizuri. Nikirekebisha code, yaani maandishi ya programu, naituma kwenye repo yetu, hifadhi yetu ya pamoja mtandaoni, halafu nampigia aiingize kwenye seva kwa mkono, maana seva ilikuwa kazi yake.

Alhamisi moja nilirekebisha kosa la vipimo, nikampigia, simu haikushikwa. Alikuwa kliniki. Mchana ule, seva ikiwa bado na kosa lile, mama mmoja mzee akaambiwa mahindi yake ni mabichi, akayapakia tena kwenye mkokoteni wa punda na kuyarudisha nyumbani. Yalikuwa makavu kabisa. Nilipompigia kumwomba msamaha alinijibu, "Mimi sina shida na wewe. Punda ndiye amechoka." Nilicheka, lakini aibu haikuniisha.

Nikaamua kuweka webhook, yaani repo yenyewe iipigie seva hodi kila code mpya inapoingia. Jumamosi baada ya chai nikaandika ombi la kuiunda kupitia API, mlango wa repo wa kupokea amri. Likakataliwa.

"Umejibiwa nini?" mwenzangu akauliza kwenye simu.

"Mia nne na tatu. Eti siruhusiwi."

"Basi ni token, ule ufunguo wako wa kuingilia. Uliipa ruhusa ya kusimamia webhook?"

Sikuwa nimeipa. Nilipotengeneza token nyingine, webhook ikaundwa mara moja, lakini seva ikawa inakataa kila hodi: neno la siri la repo halifanani na lake. Nikalilinganisha karibu saa nzima. Yeye ndiye aliyeniambia nihesabu herufi badala ya kuzisoma. Upande wa seva ilizidi moja, nafasi tupu mwishoni, niliyoinakili bila kuiona.

Nikaifuta. "Jaribu wewe," nikamwambia.

Akabadilisha mstari mmoja huko Sugoi, akatuma. Nikaona seva ikipokea, ikivuta code mpya, ikijiwasha upya. Sikugusa kitu.

"Imeingia?"

"Imeingia."

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Haya. Sasa naweza kuzaa kwa amani."

Alijifungua Jumatano iliyofuata, mtoto wa kike. Nilipopata habari nilifunga kompyuta mapema, nikaenda mjini kutafuta blanketi nzito ya mtoto, maana wiki hiyo kulikuwa na baridi kweli.