Nilisaini Karatasi ya Chakula, Rafiki Yangu Akakosa Kiti

Admin, ukiposti hii ficha jina langu, wadi na chama. Wakinitambua nimekwisha, ingawa hata sasa sijui kimebaki nini cha kuokoa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na mbili, nakaa Kibera, upande wa Kisumu Ndogo. Niliuza omena, dagaa wa ziwani, miaka kumi na moja, na sokoni nilijulikana kwa mdomo. Siku hizi mimi ni mwakilishi wa kuteuliwa katika bunge la kaunti. Najua mnatuita maua ya kupamba bunge. Hamjakosea sana.

Aliyeniingiza siasani ni rafiki yangu, hapa nitamwita Mama Brayo. Yeye alichaguliwa na wananchi, wadi moja kule Kawangware. Nyumba yangu ilipoungua, mimi na watoto tulikaa kwake miezi minne na hakuwahi kutuuliza tunaondoka lini. Chama kilipoandika orodha ya kuteuliwa, ni yeye aliyeketi kwenye ofisi zao siku tatu mpaka jina langu likaingia. Nayasema haya ili mjue ni mtu wa aina gani niliyemtenda.

Mwaka huu kiti cha kiongozi wa walio wengi kikabaki wazi, Mama Brayo akakitaka. Watu wengi hudhani kiongozi huyo huchaguliwa na bunge lote. Hapana. Wajumbe wa chama chenye viti vingi hukutana peke yao, kikao tunachokiita PG, kisha kiranja wa chama humwandikia spika barua na kuambatisha sahihi zetu. Zikizidi nusu, mambo yameisha. Spika hataki kujua mlipiga kura vipi. Kwetu tuko thelathini na tisa, kwa hiyo sahihi ishirini zinatosha.

Mama Brayo alidai kura ya siri, kiranja akakubali mbele ya wote. Mwenzangu alifurahi mpaka akamwendea fundi wa Kawangware amtengenezee sanduku la mbao lenye kufuli. Mimi ndiye niliyemsaidia kulipaka rangi. Alijua wajumbe wengi wanampenda ila wanaogopa kuonekana, na kwa siri angeshinda, hilo hata maadui zake walilijua.

Wiki hiyo hiyo kiranja aliniita kando. Hakunitisha kwa sauti, alikuwa anakunywa chai. Aliniambia, "Mheshimiwa, ile list ya kuteuliwa iko na watu wengi nyuma yako. Usinifanye nianze kukumbuka majina yao." Nilicheka naye. Nikafika nyumbani nikashindwa kula.

Siku ya PG tulikutana hotelini, kura ipigwe baada ya chakula. Mlangoni pa chumba cha kulia kulikuwa na kijana wa chama na ubao wa karatasi. Bila kusaini hupewi sahani. Tumezoea, tunasaini kila mahali, hata hatusomi. Sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa imekunjwa nyuma. Zamu yangu ilipofika, upepo wa feni ukaikunjua, nikasoma: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tumemchagua..." na jina halikuwa la Mama Brayo.

Yule kijana aliikunja haraka akasema, "Hii ni ya lunch tu, Mheshimiwa." Tuliangaliana. Alijua nimeona. Nyuma yangu, hatua chache tu, Mama Brayo alikuwa anawasalimia wahudumu. Ningeweza kupiga kelele, na kelele ndiyo kazi niliyoifanya miaka kumi na moja. Nikasaini. Wali nikaula, na nyama nikaongeza. Najichukia kwa hiyo nyama kuliko hata kwa sahihi.

Baada ya chakula kiranja alisimama akatangaza kwamba PG imeshaamua kwa sahihi na barua iko njiani kwenda kwa spika. Sahihi zilikuwa ishirini kamili; zilipotimia, waliobaki, Mama Brayo akiwemo, walipewa karatasi nyingine ya chakula tu. Sanduku lilibaki mezani, mtu akaweka chupa za soda juu yake. Mama Brayo alinijia, akauliza, "Mama Tony, hata wewe walikucheza na hiyo karatasi ya lunch?" Nikamwambia ndiyo, walinicheza. Akanikumbatia, akanipa pole. Pole, mimi.

Tangu hapo wamemtoa kwenye kamati zote kwa kukaidi uamuzi wa chama, maana kanuni zetu zinasema PG ikishaamua, hata aliyeibiwa lazima aunge mkono. Amepeleka kesi mbele ya jopo la migogoro. Wakili wake anasema akipatikana mmoja tu kati ya wale ishirini aseme kwamba alisaini chakula, barua inaanguka. Wengine wote wamekataa. Amebaki na mimi, nikatoe ushahidi Alhamisi.

Lakini kuna jambo ambalo hajui. Jumatatu kiranja aliniletea karatasi nyingine, hii haikukunjwa. Ni kiapo kwamba kura ilipigwa, nilikuwepo, na nilimuunga mkono mshindi kwa hiari yangu. Niliisoma mara mbili, neno kwa neno. Kisha nikaitia sahihi. Nilifikiria karo ya watoto na nikafikiria kurudi kwenye omena, na vyote hivyo vilikuwa visingizio tu. Niliogopa.

Jana jioni Mama Brayo alinipigia. Nilimsikia akipika, watoto wanapiga kelele. Akasema, "Usiogope Alhamisi. Utakaa hapo kando yangu, na ukishindwa kuongea mimi nitakushika mkono." Nikamjibu sawa.

Alhamisi ni kesho. Kiapo kiko kwa wakili wa chama, siwezi kukirudisha, na nikisema ukweli sasa watanisomea hicho kiapo, mimi nipoteze kiti na yeye asipate chake. Nishaurini jamani, nifanye nini? Niende Kawangware nimwambie kwa mdomo wangu, au nimwache akisikie kikisomwa akiwa amenishika mkono?