Kipupwe Tulichomnyoa Jivu

Manyoya ya mbwa aliyelala nje, yakipigwa na jua la saa tatu asubuhi, hutoa harufu ya vumbi, moshi na mkate uliosahaulika kabatini. Najua wengine watakunja pua. Mimi harufu hiyo ikinipitia tu, hata nikiwa mbele ya uzio wa mtu nisiyemjua, narudi Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, nikiwa na miaka kumi, nimechuchumaa mbele ya banda la mbao, na umande ulioganda unameta juu ya nyasi zilizokauka. Tulikuwa tumetoka Tanga miezi michache tu kabla ya hapo, baba, mama na mimi, na tulipanga chumba cha uani nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Mreno, Mzee Amândio. Chumba chetu kilikuwa na kibanda cha bati kilichoungwa ubavuni. Humo mama alipikia, na humo humo, kwenye kona safi kuliko zote, alitandika mswala wake. Wezi walipoingia uani wakabeba mtungi wetu wa gesi, mzee akatupatia mbwa wa kutulinda. Alikuwa wa rangi ya majivu, mwenye masikio yasiyokubaliana, moja juu moja chini. Nikamwita Jivu.

Mama alimkubali kwa masharti. Mbwa ni mlinzi, basi akae nje. Ndani hata unyayo wake usikanyage, kwa sababu malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Na mimi nikilambwa, ninawe mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Nilikuwa na kopo langu la udongo pembeni ya bomba la uani, na kwa kuwa Jivu alinilamba kila aliponiona, nadhani hapakuwa na mtoto aliyenawa kama mimi katika jiji zima la Johannesburg. Sikujali. Sikuwa na rafiki mwingine. Shuleni walizungumza Kiingereza na Kizulu, mimi nikatabasamu tu mpaka mashavu yakauma, lakini Jivu alisikia Kiswahili changu chote na hakuwahi kunicheka.

Siku zilipoanza kufupika, Jivu alianza kuvimba. Manyoya yake laini ya kiangazi yalipukutika mafungu mafungu, na chini yake kikaota kitu kizito, kilichosokotana, kama pamba ya godoro lililochanika. Sisi watu wa pwani tungejuaje? Mbwa wa Tanga ana nguo moja mwaka mzima. Mama aliona ni upele, baba akasema chawa. Ubaya zaidi, manyoya yale yalipeperuka hadi kwenye kamba ya nguo yakanasa kwenye shela la mama la kusalia. Alilifua mara saba, akalianika, akalikuta limenasa tena. Jioni ile aliniambia: ama manyoya yaondoke, ama mbwa arudi kwa mwenyewe.

Nikaona dawa iko kwenye kona ya mtaa wetu. Papa Dodo, Mkongomani wa Lubumbashi, alikuwa na saluni yake ya kunyolea ndani ya kontena, na alikuwa mtu asiyeweza kumkatalia mtoto. Alimtazama Jivu, akacheka mpaka akashika mlango. "Ma fille, binti yangu, huyu ni mbwa ao ni kondoo? Leta ye huku." Akatandika gazeti, akachagua kichwa cha mashine ambacho hakukipenda sana, akamnyoa kuanzia shingoni hadi mkiani. Jivu alisimama kimya, amenikazia macho, kwa imani ambayo sikuistahili. Nilimrudisha nyumbani akiwa na ngozi ya waridi kama kidole kilichotoka kwenye bandeji. Mama alimkagua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nililala na furaha ya mtu aliyeokoa maisha ya mwenzake.

Wiki iliyofuata baridi ikatua kwa uzito wake wote. Nyumbani kipupwe ni upepo mwanana na kanga ya ziada begani. Hapa maji yaligandia ndani ya ndoo. Mzee Amândio alipomwona Jivu anatetemeka, alivua kofia yake kama mtu aliyepita mbele ya msiba. Hakunigombeza, na afadhali angenichapa fimbo. Aliniita ndani kwake, kwa Kiingereza chake cha polepole, akanishikisha manyoya ya Branca, dada yake Jivu wa tumbo moja. Yalikuwa mepesi, yamelala. Baba yao, alinieleza, alikuwa wa ukoo wa mbwa wa milimani wanaochunga kondoo kwenye theluji, na aliwaachia wote wawili ile sufu ya ndani. Lakini Branca analala karibu na hita, taa zinawaka mpaka usiku, na mwili wake haujui kama nje kumebadilika. Wa Jivu ulijua, ukamshonea koti. Akanionyesha dirishani mbwa wa spaza, kile kiduka cha jirani, mwembamba, aliyefungwa gunia mgongoni. Yule alilala nje kama Jivu, akasema, ila hata alale juu ya barafu hataota sufu, kwa kuwa kwao haipo. Kisha akasema nililokuwa naliogopa: koti la Jivu halitarudi kabla baridi haijaisha. Angemchukua ndani, lakini alikwisha kujaribu asubuhi ile, na Branca alikuwa amemrarua sikio.

Jivu akaacha kula. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu cha kizee. Nilimvika sweta langu la shule, na kila nikitoka shule nilitambaa ndani ya banda nikamkumbatia mpaka karibu na magharibi, nikijua kabisa kwamba akifa, nimemuua mimi. Kisha nilitoka nikanawa mara saba kwa maji yale, na udongo wake. Mikono yangu ikapasuka, ikawa inatoa damu kwenye vifundo. Niliificha chini ya meza wakati wa kula. Mama aliiona siku ya nne. Aliishika, akaigeuza.

Kesho yake niliporudi, nilimkuta amekunja mswala wake na kuuhamishia chumbani, kati ya kitanda na kabati. Jiko, sufuria na kikapu cha vitunguu vilikuwa vimehamia huko pia. "Kuanzia leo," alimtangazia baba, "kile kibanda si nyumba." Akafungua mlango wa bati, akasimama kando, Jivu akaingia na sweta langu. Kipupwe kizima tulipikia tulipolala. Sare yangu ilinuka vitunguu, wenzangu wakaziba pua, "Eish, wewe!", nami nilitembea kifua mbele. Jivu alipona. Mwaka uliofuata alirudi bandani, sufu ikamwotea upya, nzito kuliko ya kwanza, na mama akawa anaanika shela lake chumbani.

Sasa naishi Berea, hapa hapa Johannesburg, kwenye ghorofa lenye hita mbili. Binti yangu hutembea peku mwezi wa saba, katikati ya kipupwe, na sheria za jengo haziruhusu hata paka. Mama alirudi Tanga baada ya baba kufariki. Juzi nilimpigia simu, nikamkumbusha ile baridi, nikamshukuru, kwa kuchelewa miaka mingi, kwamba yeye na dini yake yote alikubali kumwingiza mbwa ndani kwa ajili yangu.

"Nani aliyemwingiza mbwa?" akasema. "Mimi nilikuingiza wewe. Yeye alikufuata tu."

Kisha akaniuliza kama baridi ya huku imeshaanza, na kama nimevaa sweta.