Jozi za Mwalimu Pastory

Mwalimu Pastory Rwegoshora alipenda mambo mapya, na ugonjwa huo haukuwa na dawa. Alipohamia Karagwe kutoka upande wa Muleba, miaka ya hamsini mwanzoni, alipewa shule ndogo ya kanisa kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Chonyonyo. Alianza kwa kufundisha hesabu kwa nyimbo, wazazi wakadhani shule imegeuzwa ngoma. Akawatoa watoto nje wakasomee kwenye migomba, mvua ikamjibu. Mkewe, Anatolia, alizoea kusema kwamba mume wake hawezi hata kumenya ndizi kama watu wengine wanavyomenya.

Basi zikaja jozi. Darasa la nne lilikuwa na watoto wengi na vitabu vichache, vya kuhesabika kwa vidole. Pastory akaamua kila mtoto mwepesi akae na mzito, washike kitabu kimoja, na mwepesi amvute mwenzake mpaka walingane. Mutalemwa akapewa Desderius.

Huyo Mutalemwa alikuwa mboni ya jicho la kilima kizima. Hakuna mtoto wa hapo aliyewahi kuingia shule ya kati, na yeye ndiye aliyetazamiwa kuwa wa kwanza. Mama yake, Kokuhirwa, mjane mwenye kibanja cha migomba na kahawa, alilima peke yake ili mwana asome. Hata watu wasiokuwa na undugu naye walimwita "mtoto wetu". Desderius naye alikuwa mtoto mpole, mwenye nguvu za kubeba mkungu bila kuhema, ila herufi zilimkimbia kama siafu waliomwagiwa majivu.

Siku ya kwanza Pastory alitaka jambo la kuwafurahisha. Akachukua nyumbani kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, ambayo kila mgeni hukaribishwa nayo, akaipa kila jozi tunda moja. Wapasue, kila mmoja ale mbegu yake. Alijua vizuri kabisa anachezea nini. Wahaya na Wanyambo wote wanajua: watu wawili wakigawana mbegu za tunda moja, kila mbegu imepakwa damu ya karibu na kitovu cha mwenzake, wamekwisha kuwa wanywani. Mnywani hamwachi mwenzake, hamfichui, hamnyimi. Akivunja, tumbo linamvimba mpaka anakufa.

"Bila damu ni kutafuna tu," alimwambia Anatolia.

"Watoto hawajui mchezo unakoishia," Anatolia akamjibu.

Pastory akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Miezi ikapita, na darasa likatulia ajabu. Msimamizi wa shule, Bwana Cassian, akaja na baiskeli yake, akaona watoto wawili wawili wameinamia vitabu, akapendezwa mno. Akasema atayatangaza mambo haya katika shule zote mpaka Igurwa. Ila alikuwa mtu mwangalifu.

"Usiniletee sifa zako, Mwalimu," alisema. "Kawaulize wenzako na watoto wenyewe wanauonaje mpango huu. Nitayapokea maneno yao siku ya mtihani wa kuingia shule ya kati."

Pastory akaanza na Mwalimu Placida, aliyefundisha madarasa ya chini. Placida akaweka chaki chini.

"Mpango mzuri. Lakini watoto wako hawashitakiani. Wangu wanashitakiana mpaka kwa sababu ya kupiga chafya. Tangu lini mtoto akaacha kushitaki?"

"Tangu apate mwalimu mzuri," Pastory akasema, na Placida akamwachia majivuno yake.

Kisha akawaita watoto mmoja mmoja nyuma ya darasa. Mwenzako anakusaidia? Ndiyo, Mwalimu. Ana kosa gani? Hana kosa, Mwalimu. Wa pili vilevile, na wa tatu, maneno yaleyale kama wameyakariri. Mtu mwingine angeshtuka. Pastory alivimba kichwa.

Zamu ya Desderius ilipofika, mwalimu akampa kitabu asome kidogo, apate mfano mzuri wa kumsimulia Bwana Cassian. Desderius akasoma bila kukwama, hadithi ya mkulima na ng'ombe wake aliyepotea. Pastory, moyo ukimruka kwa furaha, akamgeuzia kurasa mbili mbele. Desderius akaendelea kumtafuta ng'ombe. Ukurasa ule ulikuwa wa kunawa mikono.

Pastory akageuza tena. Ng'ombe bado anatafutwa.

"Desderius, hujui kusoma?"

Desderius akakifunga kitabu.

"Mutalemwa anajua kwamba hujui?"

Machozi yakamtoka mtoto, na mkono ukaenda wenyewe kufunika tumbo. Pastory akauondoa mkono, akainua shati. Kando ya kitovu palikuwa na kovu dogo lililonyooka, la wembe.

Akaingia darasani akawaamuru wavulana wote wainue mashati. Makovu yalikuwa mstari mzima, safu ya mbele mpaka ya nyuma. Pastory alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo ya maji ya kunywa, na hakuna mtoto aliyethubutu kucheka.

"Nani," aliuliza sauti ikimpasuka, "nani aliwaambia mfanye hivi?"

Mutalemwa akasimama kwa adabu. "Ni wewe, Mwalimu. Ulitupa kahawa. Yaliyobaki tukayamalizia wenyewe, maana wembe ulikuwa umeusahau."

Pastory aliwaambia kiapo chao si kitu, walikuwa wanacheza, Mungu hakitambui. Watoto wakaitikia ndiyo, kama wanavyoitikia kila kitu. Kisha akaenda kwa Kokuhirwa, akamkuta anamenya ndizi, akamweleza yote. Kisu kikamponyoka mama yule.

"Mwanangu ana mnywani, na mimi niliyemzaa sijui?" Kisha akauliza lile lililokuwa moyoni mwake. "Shule ya kati ataenda?"

"Ataenda, mama. Mutalemwa atasoma ukurasa wote kabla msimamizi hajakaa vizuri."

Tangu hapo Pastory alimfundisha Desderius alfajiri na jioni, herufi kwa herufi, kama mtu anayekimbilia kuzima moto uliokwisha kushika paa. Muda haukutosha.

Siku ya mtihani wazazi walijaa nje, Kokuhirwa akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Bwana Cassian aliita majina, kila mtoto akasoma mbele yake. Desderius alisoma maneno machache, akakwama, akarudishwa kukaa. Akaitwa Mutalemwa. Akasimama, akakishika kitabu, akakitazama.

"Soma," akasema Cassian.

"Sijui, bwana."

Pastory alidhani masikio yamemdanganya. Placida akashika mdomo. Cassian akarudia amri, na mtoto akarudia jibu, kwa sauti ileile ya upole.

Pastory akaomba ruhusa, akamvuta nje, upande wa nyuma.

"Mama yako yuko pale. Unamwona?"

"Namwona, Mwalimu."

"Basi ingia usome!"

"Nikisoma nitakwenda. Nikienda, Desderius atabaki."

"Nilikwambia kiapo kile si kitu!"

"Ulituambia tukiwa tumekwisha kumeza."

Desderius alikuwa amewafuata. Alimshika Mutalemwa shati, akalia kwa sauti. "Soma! Mimi nimekuachia! Nenda!"

"Huwezi kuniachia," Mutalemwa akamwambia, akamfuta uso kwa kiganja. "Mnywani hana ruhusa hiyo."

Walirudi ndani, na kwa mara ya tatu Mutalemwa akasema hajui. Cassian akaandika alichosikia, afanye nini? Habari ilipotoka nje, Kokuhirwa hakupiga kelele. Alivua kitenge kile cha kanisani palepale, akabaki na kanga ya shambani aliyoivaa ndani, akashika njia ya kwenda nyumbani. Wale watoto wawili walimfuata kwa mbali, bega kwa bega, wakiogopa kumkaribia na wakiogopa kumwacha.

Pastory alitazama mpaka migomba ikawaficha. Nyuma yake Bwana Cassian alikuwa anafunga karatasi zake kwenye baiskeli, uso umemkunjamana.

"Sielewi, Mwalimu. Mtoto uliyemsifu zaidi ndiye asiyejua kabisa. Hata hivyo nilikutuma kazi. Watoto wanasemaje juu ya mpango wako?"

Pastory akamshikia baiskeli.

"Wanaupenda, bwana," alisema. "Wanaupenda kuliko shule yenyewe. Nakuomba usiupeleke mahali pengine popote."