Binah Aliyesimama Tuli

Mwaka ule mji wa Charleston, kusini mwa Marekani, ulipoangukia mikononi mwa jeshi la Kaskazini lililopigana kukomesha utumwa, Binah alikuwa akiwafulia askari nguo karibu na kanisa lililoungua. Alikuwa huru tangu Februari, ila hajauzoea uhuru wenyewe. Dada yake Sukey aliuzwa mbali wangali wasichana, kwa hiyo kila msafara wa watu waliotoka mashambani ulipopita, Binah aliacha beseni akakimbilia barabarani kutazama nyuso.

Asubuhi moja akaja mpiga picha, Bwana Lathrop, na kamera yenye macho mawili. Picha zake zilitoka mbili mbili. Ukizitazama kwa kifaa chake, magofu yalisimama mbele yako kana kwamba ungeweza kuyaingia. Alitaka mtu wa kusimama karibu na nguzo iliyoanguka.

"Mama, simama hapo. Usitikisike mpaka nikwambie."

"Tabasamu basi, Binah!" akacheka Cato, mwenye mkokoteni wa kukokotwa na nyumbu. "Watu wa Boston huko Kaskazini watakuposa!"

"Wamwoe kwanza huyo nyumbu wako," akajibu Binah, kisha akatulia.

Lathrop alipofungua kamera, msafara ulikuwa unapita. Katikati yake Binah akamwona mwanamke mrefu, bega la kushoto limeinama, vile vile alivyotembea Sukey tangu alipoanguka darini utotoni. Mdomo ukamfunguka.

"Usitikisike!"

Akaganda. Hakuna aliyemshika, wala kiboko hakikuwapo. Lakini sauti ya mzungu anayeamuru, mwili wake uliitii kabla hajawaza.

Kamera ilipofungwa alitimua mbio, akiita jina la dada yake mpaka njia panda. Watu walikuwa wametawanyika kila upande. Hakuna aliyeitika.

Baadaye Lathrop alimwonyesha picha. Yeye Binah alionekana wazi, hata mikunjo ya aproni. Barabarani palikuwa na ukungu mwembamba tu.

"Wale watu wako wapi?"

"Wanaotembea hawashiki kwenye picha, mama. Wewe ulisimama vizuri sana."

Binah alikwenda hadi mji wa Savannah, akamuulizia Sukey katika kanisa moja baada ya jingine, akarudi peke yake. Uzeeni, watu walioiona ile picha walimsimamisha njiani: "Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi," alijibu. "Heri ningeiharibu."

Sukey hakupatikana.